Mafuta ya Mkaratusi na Nyuki Waliokataa Kuingia

Nyumbani kwa susu, upande wa Tawa, mbu walikuwa na saa yao. Jua likishaingia nyuma ya kilima walitoka kwenye migomba iliyo karibu na mto, na saa hiyo ndiyo susu aliyopenda kukaa nje akichambua mboga. Susu ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba. Huyu alikuwa mama wa mama yangu, na ndiye aliyenilea, kwa sababu mama alifariki kabla sijajua kusema vizuri. Hakuwa mtu wa kukimbizwa ndani na wadudu. Alisema, "Nyumba ni yangu, uwanja ni wangu. Mbu ndio wageni." Halafu alinituma chupa.

Ilikuwa chupa ndogo ya kahawia iliyowahi kuwa na dawa ya kikohozi. Ndani alitia mafuta ya mkaratusi, aliyoyatengeneza mwenyewe. Mikaratusi yetu ilikuwa mpakani mwa shamba, mirefu kuliko kitu chochote kilichokuwa karibu. Majirani walilalamika kwamba inakunywa maji yote ya ardhini. Susu alikubali kwamba ni kweli inakunywa maji, lakini hakukubali ikatwe.

Tulichuma majani machanga asubuhi, umande ukishakauka. Tuliyaanika kivulini siku mbili, kwa maana susu aliamini jua huiba harufu. Kazi yangu ilikuwa kuyaponda kidogo kwenye kinu, nisiyasage. Yeye aliyatia kwenye sufuria ndogo, akayafunika kwa mafuta ya kupikia, akaiweka sufuria hiyo ndani ya nyingine kubwa yenye maji, juu ya makaa yaliyokaribia kuzima. Ilikaa hapo tangu mchana mpaka mbuzi waliporudi. Maji yakianza kuchemka kwa nguvu nilijua nitagombezwa.

"Wewe, unakaanga chakula cha nani?"

"Samahani susu."

"Punguza moto. Harufu ikishapanda kwenye paa, utaenda kuichota huko juu?"

Mwishowe alichuja mafuta kwa kipande cha leso kuukuu, akakikamua mpaka mishipa ya mikono yake ikasimama. Alinipaka vifundoni, nyuma ya magoti, mikononi na shingoni. Usoni hapana. Watoto wachanga wa majirani hakuwapaka kabisa. Kwa hao alisema ngozi yao bado ni maziwa, waingizwe kwenye neti mapema. Neti tulikuwa nayo hata sisi, na tulilala ndani yake. Mafuta yalikuwa ya ile saa ya katikati, wakati mtu amemaliza kazi lakini bado hajaingia ndani. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama gome, vilinikwaruza, na mimi nilisimama tu bila kujitikisa ili asimalize haraka.

Nilipomaliza darasa la nane hapakuwa na njia ya kuendelea na shule. Nilikaa mwaka mmoja nikilima na susu. Siku moja, tukiwa tunapalilia mbaazi, aliniambia bila kuniangalia, "Mwana wakwa, mimi ninazeeka, na wewe una baba. Mtu hamjui baba yake kwa simu."

Baba aliishi kwao, kaskazini mwa Kitui, ng'ambo ya Kyuso. Nilikuwa nimemwona mara chache sana. Mjomba ndiye aliyenipeleka. Asubuhi ya kuondoka susu alinipa chupa imejaa, na kile kipande cha leso amekifunga shingoni mwa chupa kama kilemba kidogo. Kisha akaniwekea sharti.

"Usirudi hapa peke yako kama mtoto aliyefukuzwa. Siku ya kurudi, uje na baba yako."

Nilisema ndiyo. Sikujua kwamba nimekubali jambo kubwa.

Huko Kyuso ardhi imelala chini, nyekundu, na macho hayakutani na kilima mpaka yachoke. Watu hupanda ndengu na kufuga mbuzi, na maji huchotwa kwenye silanga, yaani bwawa lililochimbwa kwa majembe. Sikuona mkaratusi hata mmoja. Niliwahi kuuliza, nikaambiwa mti wa kiu namna hiyo hapa ungekufa kabla haujajua umefika wapi.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache kama mimi. Aliniita mwaitu, maana yake mama yetu, kwa sababu nina jina la mama yake mzazi. Kila alipoliita neno hilo niliona aibu kidogo, maana lilikuwa neno la mapenzi na sisi bado hatukuzoeana. Tulikula jioni kila mtu akiangalia sahani yake. Yeye alikuwa mtumiaji wa ugoro, na baada ya kula alivuta kidogo, akapiga chafya, akasema, "Haya, mwaitu," nami nikajua mazungumzo ya siku hiyo yamekwisha.

Ilinichukua wiki tatu kumwuliza swali moja. Nilimwuliza tukiwa tunafunga mbuzi, ili mikono iwe na kazi.

"Baba, tutaenda Tawa lini?"

Alifunga zizi, akalifungua, akalifunga tena.

"Mwaitu, unajua mimi na susu yako ni wakwe. Tangu tumzike mama yako sijakanyaga kwake. Nitaingia nimebeba nini?"

Hakuwa ananitania. Kwetu mwanamume humheshimu mama mkwe wake kiasi cha kumwogopa. Hamwangalii machoni, hakai karibu naye, haongei naye kwa mazoea. Heshima hiyo huitwa nthoni. Mtu aliyepotea miaka mingi, tena akiwa amemwachia mzee mtoto wa kulea, hawezi kuingia kwa mkwe mikono mitupu. Baba alisema anachoweza kubeba bila kuona haya ni asali, na isiwe ya kununuliwa. Iwe ya mzinga wake.

Mizinga yake miwili ilikuwa imevunjwa na nyegere. Ulibaki mmoja, gogo ambalo baba yake alilichonga, na ulikuwa umekaa bure mwaka mzima.

"Mvua ikinyesha, migunga itachanua, na nyuki watatafuta nyumba," akasema. "Tutauandaa. Asali ya kwanza ni ya susu yako. Tutaipeleka sisi wawili."

Tangu siku hiyo nilianza kungoja nyuki kama watu wengine wanavyongoja barua.

Mizinga kwetu ni kazi ya wanaume. Baba hakuwa na mtoto mwingine nyumbani, akanichukua mimi. Jirani yetu, mzee aliyekuwa na mizinga mingi kuliko mtu yeyote upande ule, alituona tumeuteremsha mzinga uwanjani tukiusafisha, akasimama kwenye ua akacheka.

"Siku hizi mzinga unapikwa na wasichana?"

"Unaoshwa," baba akasema.

"Nyuki wakija wataulizwa wamekula nini shuleni!"

Baba alinipa bonge la nta, kubwa kama ngumi, akaniambia nilitunze mpaka siku ya kuupaka mzinga. Nta ndiyo inayowaambia nyuki kwamba nyumba hii iliwahi kukaliwa. Akanipa na masharti: siku hiyo nisioge kwa sabuni ya kunukia, nisijipake mafuta ya dukani, nisitie manukato. Nyuki hawapendi harufu za watu.

Nilifuata yote. Nilioga kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia. Sikujipaka mafuta ya dukani. Lakini mafuta ya susu hayakunijia akilini kabisa. Kwangu hayakuwa manukato. Manukato ni kitu kinachouzwa, kina picha ya maua juu yake. Yale yalikuwa dawa ya mbu, na zaidi ya hayo yalikuwa ya nyumbani, na mtu haisikii harufu ya nyumbani kwake kama harufu.

Tena nilikuwa nikiyatumia sana. Mvua ilipoanza, silanga ilijaa na mbu wakazaliwa wengi, wakubwa, wasio na saa. Nilijipaka jioni nikipika nje. Lakini nitasema ukweli: nilijipaka hata kabla ya mvua, wakati mbu hawakuwepo. Niliingia chumbani, nikafungua chupa, nikamimina tone moja kiganjani na kufunika pua nacho. Kwa muda huo mfupi nilikuwa uwanjani kwa susu. Niliweza hata kusikia anavyosafisha koo kabla ya kuniita. Kisha harufu ilipungua na ukuta ukarudi kuwa ukuta.

Ile nta niliihifadhi wiki nzima chini ya mto wa kulalia. Niliifunga kwa kipande cha leso cha susu, kwa sababu ndicho kitu cha thamani nilichokuwa nacho, na nilitaka kazi hiyo ya kunirudisha kwake iende vizuri. Siku ilipofika niliilainisha kwenye moto, nikaikanda kwa mikono yangu, nikaingiza mkono ndani ya gogo mpaka begani na kuipaka kila mahali. Baba aliufukiza mzinga kwa moshi, akaupandisha kwenye mgunga na kuulaza kwenye panda ya matawi.

Migunga ilichanua. Makundi ya nyuki yalipita juu ya nyumba kama mvua inayokuja ikiwa bado mbali. Mizinga ya yule jirani ilipata wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Kwetu walikuja nyuki wachache, wale wanaotangulia kukagua. Walizunguka tundu, wakaingia, wakatoka. Kesho yake walikuja wachache zaidi. Siku ya tatu hawakuja.

Kila asubuhi baba alienda pale chini ya mti na kuangalia juu. Alirudi akasema, "Bado," na mimi nikachochea uji.

Jirani hakunyamaza. Alipokuja kuomba kiberiti alisema, bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Nilikwambia. Mzinga ukiguswa na msichana nyuki wanaona aibu."

"Nyuki wenyewe wengi ni wa kike," baba akasema.

"Haya! Basi wangoje wenzao waingie!" Akacheka, akaenda na kiberiti chetu.

Mwishowe baba aliuteremsha mzinga. Alitaka kuona kama kuna siafu au mijusi. Alitoa kifuniko, akaangalia, akatia mkono, hakupata kitu. Akainamisha pua, akatikisa kichwa.

"Ugoro uliniua pua zamani. Wewe mwaitu una pua nzima. Hebu nusa, kuna panya humu?"

Nilipiga magoti na kuingiza uso kwenye ule mdomo wa gogo. Ndani kulikuwa na giza na vuguvugu. Na ndani ya lile giza alikuwepo susu. Harufu yake ilikuwa imejaa humo, nzito kuliko ilivyowahi kuwa chupani, imeshikwa na nta, imefungiwa. Majani, leso, moto wa makaa, vyote. Nilibaki humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilielewa yote kwa mara moja. Nilikuwa nimeijaza nyumba ya nyuki harufu ya kufukuzia mbu.

"Kuna nini?" baba akauliza.

"Hakuna kitu," nikasema, bado kichwa kikiwa ndani.

Uongo huo niliubeba siku nyingi. Maua ya migunga yalianza kuanguka. Baba aliupandisha mzinga tena, akaugeuza tundu upande wa mawio, akaufukiza tena, na mimi nilimshikia ngazi nikijua kwamba haitasaidia. Nilitaka kusema. Ningesemaje kwamba mimi mwenyewe, niliyetamani nyuki kuliko yeye, ndiye niliyewazuia? Tena aliyelaumiwa alikuwa yeye, kwa kumpa msichana kazi ya wanaume.

Kisha susu, ambaye habari za mzinga nilikuwa nimemwambia, akapiga simu. Simu ilikuwa ya mjomba, na susu hupiga kelele kwenye simu kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Nyuki waliingia?"

"Bado susu."

"Na mafuta? Bado yapo?"

"Yamebaki kidogo."

"Usiyaweke kama pesa. Jipake. Mimi mwaka huu sijatengeneza, mikono haikamui tena."

Baba alikuwa ameketi pale pale, na alisikia yote kwa sababu ya sauti yake. Simu ilipokatika nilianza kulia, na nikiwa ninalia niliona kwamba afadhali niseme sasa, maana uso umekwisha kuharibika. Nikamwambia. Nilimwambia habari ya leso, ya nta chini ya mto, ya mikono yangu, na ya kile nilichonusa ndani ya mzinga. Nilisema polepole, nikirudia maneno.

Baba alitoa kikopo cha ugoro, akakitazama, akakirudisha mfukoni bila kuvuta.

"Kwa hivyo si kwa sababu ya usichana."

"Si kwa sababu hiyo."

"Nilijua. Lakini kuna jambo silielewi. Nilikuwa nikiona mikono yako inang'aa hata wakati wa kiangazi. Wakati ule silanga ilikuwa kavu. Mbu ulikuwa ukiwapata wapi?"

"Sikuwa ninafukuza mbu," nikasema. "Nilikuwa ninanusa tu."

Baba aliinuka akaenda kuwaangalia mbuzi, ambao walikuwa wamekwisha kuangaliwa.

Asubuhi nilimkuta amevaa koti lake la kanisani na viatu vilivyopakwa rangi. Yule jirani alikuwa amesimama uani, ameombwa kutuangalizia mbuzi.

"Mnaenda wapi mmevaa hivyo, na mzinga ni mtupu?"

"Kwa mkwe wangu," baba akasema.

"Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu."

Mzee alifungua mdomo kusema mzaha, nikaona ameukosa.

Tulisafiri siku nzima. Tulishuka Tawa jua limeanza kulegea, tukatembea mpaka mpakani mwa shamba la susu, chini ya mikaratusi, na hapo baba akasimama. Alivua kofia. Nilidhani anapumzika. Kisha nikamwona anavyoikunja ile kofia na kuikunjua, anavyoangalia vidole vya viatu vyake, na nilimfahamu kabisa, kwa sababu ndivyo mimi ninavyosimama mlangoni mwa nyumba yenye watu. Miaka yote walimu waliniuliza aibu hii nimeitoa wapi.

Susu alikuwa uwanjani anaambua mbaazi. Macho yake hayaoni mbali, lakini aliona kuna mtu mrefu nyuma yangu. Aliniita kwa jina, nikakimbia, akanishika uso kwa mikono miwili. Ilikuwa imepungua uzito, ile mikono. Halafu akasema, akielekeza maneno kwangu na si kwa baba, kama heshima inavyotaka:

"Mwulize yule mtu kwa nini amesimama kama ng'ombe wa mnadani. Hakuna anayemnunua."

Nikageuka. "Baba, susu anauliza kwa nini umesimama."

"Mwambie," baba akasema kwa sauti ndogo, "mwambie nyuki hawakuingia. Nimekuja bila asali."

"Susu, baba anasema hana asali."

Susu alitupa ganda la mbaazi kwa kuku.

"Mwambie nina meno mawili, na yote mawili hayataki asali. Nani aliwaambia mimi ninakula asali? Aje akae, mbu watammaliza hapo aliposimama."

Baba akaja. Alikaa kwenye gogo lililo mbali kidogo, kando ya mlango wa jikoni, ubavu wake ukiwa umeelekea kwetu, ndivyo ilivyo adabu. Mjomba alipita akamsalimia, akaenda kutafuta kuku wa kuchinjwa. Wale wawili waliendelea kuzungumza kupitia kwangu. Mwulize kama kwao mvua ilitosha. Mwambie ilitosha kwa ndengu. Mwulize mtoto huyu anakula vizuri. Mwambie anakula, ila hasemi. Mwambie hata mama yake hakuwa anasema. Hapo sikupewa neno la kupeleka upande wowote.

Nilikaa chini karibu na ungo nikasaidia kuambua. Jua lilikuwa bado lipo juu ya kilima. Baba alikuwa amesema tutakaa mpaka Jumapili, kwa sababu ya mbuzi. Leo ilikuwa Alhamisi. Susu alichukua ganda moja baada ya lingine, taratibu, na mara nyingine mbaazi ilimponyoka kidole bila yeye kujua, nami niliiokota na kuirudisha ungoni. Bega lake lilikuwa linagusa bega langu. Miezi yote hiyo nilitaka kufika hapa tu, na sasa nilikuwa nimefika, nimeketi, na nilikuwa na hamu naye kana kwamba bado niko Kyuso. Nikapunguza mwendo wa mikono yangu ili mbaazi zisiishe.